Neno Nililoshindwa Kukuandikia

Griftu, Wajir
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Salamu hizi naomba zikukute umeketi, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana barua ni ndefu na nakujua, utaunguza wali. Hali yako? Mgongo wa mama mkwe je, ile dawa ya kuchua imemfaa? Na Zuhura, bado anagoma kwenda chuoni kusoma Kurani mpaka anunuliwe kaimati? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila jua la huku halina huruma. Ukiniona utadhani nilitiwa chunguni nikasahauliwa.

Najua umekasirika. Kaka yako Omari aliniandikia kwamba hutaki hata jina langu litajwe mbele yako, na kwamba siku ya Idd ulipika biriani ukaigawa yote kwa majirani bila kuionja. Una haki, wallahi. Watu wote walio mbali walirudi makwao, wa Nairobi, hata wa Mandera, na mimi nilikaa huku bila kukupa sababu yoyote ya kueleweka.

Umeniuliza pia kwa nini barua zangu siku hizi ni fupi kama simu ya upepo. Natuma kopo la samli, salamu mistari miwili, na mwisho natia jina tupu, Athmani, kama karani wa posta. Kisha ikaja ile barua yako ya mwisho, yenye mstari mmoja peke yake katikati ya karatasi. Nitakujibu yote. Lakini nipe nafasi nianze mbali kidogo, na tafadhali usirukie mwisho kutazama nimeandika nini. Nakujua wewe, hata hadithi za kumlaza Zuhura unaanzia mwisho.

Kazi yangu unaijua, ni mashine ya kisima. Maji ya Griftu yako chini sana, mashine ya dizeli inayavuta mpaka kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi yanashuka kwenye mahori ya mifugo. Katikati pana koki kubwa ya chuma, gurudumu lake kama usukani wa lori. Wenye ngamia husubiri kwa mbali kwa zamu, kwa sababu wakija wote pamoja wanyama watakanyagana. Nikishafungua koki lazima nipige ukelele ili wenye zamu wasogee. Ukelele wenyewe ni wa Kisomali, na aliyenifundisha ni Bishar, mwenzangu wa kazi, mtu wa hapa hapa. "Waan furay!" Maana yake, nimefungua.

Nilikuwa nikilipenda neno hilo, basi tu. Nikilipaza, wafugaji wanacheka matamshi yangu ya pwani, ngamia wanaanza kuja na shingo zao ndefu, na Bishar ananipigia makofi. "Osmani, sauti ya wewe iko fizuri kushinda bambu." Bambu ndiyo pampu. Herufi ya p haipo kwao hapa, na mimi tangu nije nimekuwa Osmani, nimekubali.

Sasa siku moja tuko hotelini, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, wazee meza ya pili wanazungumzia kijana mmoja na mkewe. Nikasikia "wuu furay." Mimi na Kisomali changu cha kuungaunga nikadakia, "Amefungua nini?" Weee! Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye kikoi chake. Bishar akanieleza huku akijifuta machozi. Kwa lugha yao, kufungua na kumpa mwanamke talaka ni neno lile lile. "Huyo kijana amefungua bibi yake. Bibi ameenda kwa baba."

Mtu mwingine angecheka akamaliza chai yake. Na mimi nilicheka. Kisha nikarudi kisimani, nikashika gurudumu, nikafungua, nikapaza sauti kama kawaida, na kabla sijafumba mdomo kitu ndani ya kichwa changu kikauliza: umemfungua nani?

Nikakuona wewe. Nikakuona umevaa ile kanga ya zambarau, unakunja nguo zako unatia sandukuni.

Utasema ni upuuzi. Naam, ni upuuzi, na nilijua ni upuuzi tangu dakika ile ya kwanza, na kujua hakukunisaidia hata chembe. Nikajisemea moyoni, haya, ili kumaliza udhia, "nimemrejea," kama mume anayemrudisha mke aliyempa talaka. Nikatulia kidogo. Nikafungua koki ya zamu ya pili, ukelele ukanitoka, fikra ikarudi, nikarejea tena. Kufika alasiri nilikuwa nimeshika hesabu mbaya kabisa. Kama kila ukelele ni talaka, basi zile tatu zimekwisha zamani, na hakuna tena kurejea. Nikakaa chini kando ya tangi. Bishar akadhani jua limenipiga, akanimwagia maji.

Kuanzia hapo nikamwomba Bishar apige ukelele yeye, nikamdanganya naumwa koo. Wafugaji wakaanza kuulizana kama fundi amekuwa bubu. Lakini kukimbia kwangu hakukunipa nafuu, kwa sababu kile kitu kilihama kutoka Kisomali kikaja Kiswahili. Na Kiswahili chetu, unajua wewe, kuna neno moja ambalo mtu hulisema tangu asubuhi mpaka jioni bila kulifikiri. Kuacha. Nimeacha funguo mezani. Nimeacha kuvuta sigara. Acha utani. Niachie kidogo. Mwenye duka akiniuliza, "Fundi, hii sabuni unaiacha?" mimi nakimbia na sabuni nisiyoitaka. Funguo nikawa nasema zimebaki. Watu walidhani nimechanganyikiwa, na hawakukosea sana.

Tazama huko juu, hutaliona neno hilo mpaka hapa. Sasa nimeliandika. Utaona wino ulivyotawanyika, lakini limeandikika na paa halijaniangukia.

Basi katika siku hizo hizo ndipo barua yako ikafika. "Kama umeniacha, niambie."

Subhanallah. Nilikaa na kalamu. Jibu lenyewe ni neno moja, mtoto wa chuoni anaweza kuliandika. Lakini ndani ya jibu lile mmekaa neno lile lile, na kichwa kikanishika: je, kalamu ikiteleza ukaandika "nime" mahali pa ile "sija" ya mwanzo? Utakuwa umempelekea talaka ya maandishi kwa mkono wako. Nikaandika, nikasoma, nikaona haijakaa vizuri, nikachana. Nikaandika nyingine, nikachana. Mwenye duka akaniuliza kama karatasi nafungia sukari. Mwisho nikakutumia tena samli na salamu na jina tupu, kwa sababu lile neno ambalo mwanamume huliweka mbele ya jina lake anapomwandikia mkewe, sikuwa na uhakika kama bado ni langu.

Na Idd sikuja kwa sababu hiyo hiyo. Niliwaza, kama kichwa changu kinasema kweli, basi yule mwanamke ni haramu kwangu, na nikienda nikala chakula chake na kulala chini ya paa lake nitakuwa ninamdhulumu na mwenyewe hajui. Hakuna mwanamke mwingine, Mama Zuhura. Mwanamke pekee wa huku anayenifuatafuata ni mbuzi wa Bishar, na yeye shida yake ni kofia yangu, amekwisha kuitafuna upande mmoja.

Nikaanza kuwauliza mashekhe. Wa hapa Griftu alinisikiliza vizuri, akaniambia kinachopita kichwani bila mtu kukikusudia hakivunji ndoa, na ukelele wa maji ni ukelele wa maji. Nikatoka pale mwepesi, nikaimba njia nzima. Kufika mlangoni kwangu nikawaza, lakini je, nilimweleza sawasawa? Labda nilisahau kitu. Nikarudi. Akanijibu tena. Nikarudi nikiwa nimelipindua swali kidogo ili asijue ni lile lile. Tulipokwenda Tarbaj kutengeneza mashine ya huko nikamtafuta shekhe wa Tarbaj. Sijamaliza hata salamu, akanitazama, akasema, "Wewe ndiyo ile fundi ya bambu ya Griftu?" Kumbe ni binamu wa shekhe wetu! Habari zangu zilitangulia kwa lori la mbuzi.

Niliporudi, shekhe wetu alinishika mkono mbele ya Bishar, akaniambia kwa upole, "Fundi, mimi nimekujibu na jibu langu ni lile. Ukiuliza tena, mimi hapana jibu. Hii kitu inakula maswali." Na Bishar akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo iko waswaas. Kwetu ni gonjwa, iko na jina. Shangazi yangu alishika nayo ndani ya udhu, anaosha mkono mpaka ngozi inatoka."

Nilimkodolea macho. Waswaas! Si ndio wasiwasi wetu huu? Sisi kule pwani neno hili tumelishusha cheo. Basi likichelewa, nina wasiwasi. Mtoto akikohoa, usiwe na wasiwasi. Kumbe wenzetu wamelihifadhi na uzito wake wote, ni maradhi, yanampata mtu na yanatibiwa. Nilifurahi, niamini. Nilikuwa nimeshajihesabu mwendawazimu, au mtu mbaya ambaye ndani ya moyo wake anataka kumtupa mwanamke mwema na hajijui.

Muda si mrefu nikatumwa Garissa kuchukua vyuma vya mashine. Bishar alimnong'oneza dereva kitu, nikadhani ni habari za miraa. Tulipofika mjini dereva akasimamisha gari kwenye lango la hospitali. "Ofisi imefungwa saa hii," ananiambia, "ingia hapa kwanza." Saa nne asubuhi, ofisi imefungwa! Mwongo mkubwa yule, Mungu amlipe kheri.

Ndani nikapelekwa kwa muuguzi wa maradhi ya akili, mwanamama wa hapo Garissa anayeitwa Bi Dahabo. Kiswahili chake kimenyooka kwa sababu masomo aliyafanya Mombasa. Niliona haya, nikawa natazama viatu. Nikamweleza nikitarajia atacheka. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mke wako unampenda?"

Nikamwambia sana.

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Maradhi haya hayana shughuli na kitu usichokijali. Mama anayempenda mtoto wake huona picha anamwangusha. Mcha Mungu husikia tusi katikati ya swala. Wewe unampenda mkeo, ikakujia talaka. Kuiwaza si kuitaka, Athmani. Kila mtu hupitiwa na fikra za ajabu, mimi pia, zinakuja zinakwenda. Lakini hii yako ni mdoezi. Inapita mlangoni, wewe unaikimbilia kuihoji na kuifukuza, basi inaona imepata wenyeji, inakaa mpaka chakula cha jioni."

Nikalia pale pale, na kitambaa sina, nikajifutia kofia iliyotafunwa.

Nikamweleza pia la jiko. Unakumbuka? Tukitoka kwenda arusini, tumeshafika barabarani, narudi kutazama jiko la mafuta ya taa kama limezimwa, nakuja, narudi tena, nawe umesimama na buibui lako unanicheka, "Athmani, jiko limekuzoea sasa." Na kufuli ya mlango. Na zile rakaa nilizokuwa nikizirudia, ukidhani nina ucha Mungu mwingi. Bi Dahabo akasema ni yule yule, amebadilisha kanzu tu. Sikujua. Siku zote nilidhani mimi ni mtu mwangalifu.

Daktari ameniandikia vidonge. Vinanikausha mdomo, natembea na chupa ya maji kama mzungu. Lakini dawa kubwa, alivyoniambia Bi Dahabo, ni kazi yangu mwenyewe. Nisirejee moyoni, hata nikisukumwa namna gani. Nisimuulize shekhe. Nisimtafute shahidi wa kuniambia nilisema nini. Na ule ukelele niupige mimi, kila zamu, kwa sauti yangu. Akanionya kwamba hofu itapanda sana, na nikiivumilia bila kuifanyia kitu itashuka yenyewe. Niliporudi nilimweleza Bishar na shekhe mpango huo, naye shekhe akaniambia, "Huyo mama anajua kazi."

Siku ya kwanza nilitamani kurudi kitandani. Ngamia wamepangana, wamekaa na kiu, wafugaji wameegemea fimbo zao wananitazama. Nikazungusha gurudumu, maji yakaguruma kwenye bomba. Nikafumba macho. "Waan furay!" Sauti ilinivunjikia katikati kama ya kijana anayebaleghe. Ulimi ukaanza wenyewe, "nimemre...", nikauuma. Nikamgeukia Bishar. Sikuweza kujizuia.

"Bishar, nimesema nini?"

"Mimi nasikia ngamia tu."

"Bishar, tafadhali, ndugu yangu. Nilimtaja mtu?"

"Ngamia," akasema, na macho yake yamejaa machozi, maana alikuwa ananihurumia vibaya. "Iko mingi. Inakunywa."

Nikaketi juu ya bomba, grisi mikononi, grisi usoni. Nikakuona tena unakunja nguo. Nikakuangalia tu, sikurejea, sikubishana. Na kabla mahori hayajajaa, Mama Zuhura, ile hofu ilianza kulegea. Haikwisha. Ililegea, nikasikia maji, nikasikia Bishar anamtukana mbuzi wake.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Zipo siku napiga ukelele nasahau kabisa, na zipo siku nzima ninabururwa. Juzi nilichungulia kwa shekhe, akaniona, akafunga dirisha. Tulicheka wote wawili, yeye ndani na mimi nje.

Sasa swali lako. Sijakuacha.

Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena, wala barua hii sitaisoma kabla ya kuitia gundi. Hili nalo ni katika dawa. Ikiwa kuna neno nimelikosea au herufi nimeiruka, wewe ndiye utakayeijua, na unanijua mimi. Nimekaa na swali lako muda mrefu mno ukiwa peke yako nalo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nisamehe, mpenzi wangu. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu sikujali.

Likizo nimepewa. Nitashuka na msafara wa magari ya askari mpaka Garissa, kisha nitatafuta gari la kushuka Garsen, mpaka Malindi. Mweleze mama mkwe ukweli wote, yeye moyo wake mpana, na mwambie nakuja na samli ya kutosha kuchua mgongo na mapaja. Kaka yako Omari mwambie aweke ngumi zake mfukoni, akisoma barua hii ataona hakuna wa kupigwa. Jirani yetu Bi Mwanasiti, mpe salamu tu. Ukimpa na habari, Malindi nzima itapata. Zuhura mbusu kwenye paji la uso, na kaimati mnunulie, gharama yangu.

Nikifika, nakuomba jambo moja, na litakuwa gumu kwako kuliko kwangu. Ipo siku tutakuwa tumekaa vizuri na nitakugeukia na uso wa kuhurumiwa, nikuulize, "Tuko sawa? Bado wewe ni wangu?" Usinijibu. Usiniapie, usinishikie msahafu, hata nikilia. Nitazame tu, usukume kikombe mbele yangu, useme kama ulivyokuwa ukiniambia nikirudi kutoka kwenye lile jiko: "Acha wewe, chai inapoa."

Nami nitakunywa.

Mumeo,
Athmani